Swali la Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi. Bukoba

Nimeandika habari za redio kwa miaka ishirini na miwili bila kuwa na daftari langu mwenyewe. Naanza leo kwa sababu mradi ulioniajiri unataka taarifa ya kila siku kwenye kishikwambi, na sehemu ya maelezo inapokea herufi mia mbili tu. Yatakayozidi yataingia humu.

Kazi ni utafiti wa malezi katika vitongoji ishirini na vinne vya Muleba. Kwenye kumi na viwili wazazi watakutana mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, wajifunze kulea bila fimbo na wajue huduma za watoto zilipo. Kumi na viwili vingine vitasubiri mwakani, ili tulinganishe. Sisi wasaili tunawahoji walezi kabla na baada. Dodoso lina maswali hamsini na nane.

Kiongozi wetu ni Mwesiga, miaka thelathini na minne, mpole, hasomi ukurasa bila kuupigia mistari. Ametusomea kanuni. Tusipokee chochote kwa mhojiwa.

"Hata maji?" mmoja akauliza.

"Hata maji."

"Hata kahawa?"

Mwesiga alitazama karatasi kwa muda. Naye ana bibi kijijini. "Hata kahawa," akasema, na ukumbi mzima ukacheka, yeye akiwemo. Hakuna Mhaya aliyetoka mle akikusudia kuingia nyumba ya mtu na kukataa kahawa ya kutafuna. Ukiikataa umesema umekuja na jambo baya.

Kanuni ya pili haikumchekesha mtu. Swali la 31 linauliza: katika siku thelathini zilizopita, ni siku ngapi mtoto alifungwa kwa kamba, kitambaa au kitu kingine asiweze kuondoka alipo? Jibu likizidi sifuri, msaili anajaza fomu nyekundu ndani ya saa ishirini na nne, inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Mhojiwa haambiwi mpaka afisa afike, asije akamficha mtoto.

Alhamisi, 6 Machi. Bilele

Mvua ya kwanza ya maana. Maji yameingia jikoni kwangu, kina cha vidole vitatu.

Jumatano, 12 Machi. Kimwani

Nyumba ya tano tangu nifike. Renatha, miaka sitini na mitatu, mjane. Ana kibanja cha migomba, kahawa kidogo, na maharage bondeni. Anamlea mjukuu wake Alistidia, miaka saba. Mama wa mtoto yuko Mwanza.

Nilifika saa tatu na dakika kumi. Nikasoma tamko la ridhaa neno kwa neno: utakayosema ni siri, isipokuwa pale mtoto anapokuwa hatarini. Alikuwa akimenya ndizi. "Nakusikia, waitu, soma tu," akasema, kwa neno letu la upole. Akapangusa utomvu, akaweka dole gumba.

Maswali thelathini ya kwanza aliyajibu kama watu wanavyomjibu mgeni mwenye kishikwambi. Unampiga? Simpigi. Unazungumza naye? Nazungumza. Unajua huduma za mtoto zilipo? Najua. Swali la 31 alilijibu kabla sijafika mwisho wake. Hakuna, hata siku moja. Huku akitazama mlango wa chumba.

Mtu akijibu kabla ya swali kwisha, mimi siendelei. Niliweka kishikwambi kando nikasifia kibanja chake. Akanyanyuka, akaleta kikapu kidogo chenye mfuniko, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikachukua punje tatu za kahawa, nikatafuna. Tukazungumza habari za mvua na ugonjwa wa migomba. Kisha nikanyamaza. Hiki ni kifaa changu cha zamani, watu wengi hawavumilii ukimya wa nusu dakika. Yeye alivumilia kama dakika nzima.

"Mtoto ana kifafa," akasema. "Njoo uone. Umeshakula kahawa yangu, wewe si mtu wa nje."

Alistidia alikuwa ameketi mkekani chumbani. Kiunoni alikuwa na ukanda wa kitenge uliokunjwa mara tatu usimkate, ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Urefu wake kama mita mbili. Ndani ya mita hizo palikuwa na kikombe cha maji, ndizi mbivu mbili, na mwanasesere wa nyuzi za mgomba. Mkono wa kushoto una kovu la moto kuanzia kifundo hadi kiwiko.

"Mwaka juzi aliangukia jiko. Mimi nilikuwa kisimani."

"Kisimani ni mwendo gani?"

"Kwenda dakika arobaini. Kurudi na ndoo, sijui. Nani anapima akiwa na ndoo kichwani?"

"Unamfunga siku ngapi kwa mwezi, Ma Renatha?"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili. Jumapili tunakwenda naye misa."

Nikarudi kwenye kishikwambi, nikafuta 0, nikaandika 26. Ukingo wa kioo ukawa mwekundu.

"Unaandika nini?"

"Ulichoniambia."

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea kikapu tena. Njiani kurudi nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Alhamisi, 13 Machi. Muleba

Fomu nyekundu ina visanduku vitatu vya hatari. Siku moja hadi tatu ni ndogo, nne hadi saba ni ya kati, zaidi ya saba ni kubwa. Nimeweka alama kwenye kubwa. Nikampigia Mwesiga.

"Mama Joviana," akaniambia, "ishirini na sita ni ishirini na sita."

"Mtoto ana kifafa. Anafungwa asiungue tena."

"Weka kwenye maelezo."

"Fomu haina maelezo."

Nikasikia kalamu yake ikigonga meza. "Basi itume kama ilivyo."

Nimetuma saa kumi na dakika tano.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna jibu. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna jibu. Nimehoji wanne.

Jumanne, 18 Machi

Afisa ustawi amepiga simu. Jina lake Immakulata, anahudumia kata tatu peke yake. Sauti yake ni ya mtu anayeandika huku anaongea.

"Dada, huyu bibi ana ndugu wa karibu?"

"Binti mmoja, Mwanza. Mtoto akichukuliwa anapelekwa wapi?"

"Kituo cha kulelea watoto, Bukoba. Hatari kubwa maana yake naruhusiwa kumwondoa siku hiyo hiyo."

"Utakwenda lini?"

"Nikipata usafiri na barabara ikiruhusu."

Nimekumbuka kwamba neno "kubwa" lilichaguliwa na mwongozo, siyo na mimi. Nimelikumbuka mara nyingi kwa siku moja.

Jumanne, 25 Machi. Kimwani

Kikao cha kwanza cha wazazi, kwenye ghala la kahawa la chama cha msingi, ambalo sasa ni tupu. Mwezeshaji ni Judica, jirani wa Renatha, mwanamke mrefu, Mlutheri kama mimi. Kazi yangu ni kuhesabu mahudhurio na kutosema kitu.

Renatha amekuja amemshika Alistidia mkono. Ameniona, akawageukia wenzake. "Huyu ni mgeni wangu. Ameshakula kwangu."

Fomu ina siku kumi na mbili tangu iondoke. Nimehesabu waliohudhuria mara tatu: kumi na wanane, kumi na saba, kumi na wanane.

Jumanne, 1 Aprili

Kikao cha pili. Judica amewapa kazi ya nyumbani: dakika tano kwa siku, zungumza na mtoto bila kumwagiza kitu.

"Dakika tano bila kumtuma?" Renatha akasema. "Mimi hata marehemu mume wangu sikumpa dakika tano."

Rweyemamu, mmoja wa wanaume wanne waliopo, akadakia: "Ndiyo maana alituacha mapema, Ma Renatha."

"Alituacha ameshiba, Ta Rweyemamu. Wewe utakufa ukiuliza chakula kiko wapi."

Ghala lilicheka hadi Judica akagonga meza. Alistidia naye alicheka, bila kujua kwa nini. Nilimtazama kiunoni. Gauni lilikuwa limefunika.

Kila pikipiki inapopita nje nageuka kutazama ni nani.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imechukua kalavati la barabara ya Kimwani. Immakulata amepiga kusema hawezi kufika wiki hii. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 8 Aprili

Kikao cha tatu. Renatha alieleza kwamba dakika tano zimefika kumi, mjukuu anamsimulia ndoto. Nikiwa naye mlangoni nilitaka kumwambia kuna afisa anakuja. Kanuni ninayo mfukoni, imeandikwa vizuri na ina sababu. Nikamwambia avuke kwa uangalifu, njia inateleza.

Ijumaa, 11 Aprili. Muleba

Immakulata amefika kwa Renatha. Nimesikia kwa Evarist, mwenye bodaboda anayenipeleka kila siku, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyembeba afisa kutoka kalavati lilipokatika.

"Mtoto amechukuliwa?"

"Hapana. Ametoa karatasi, bibi ameweka dole. Mtoto asifungwe tena, hata siku moja. Akikutwa amefungwa, anakwenda Bukoba."

"Bibi alisema nini?"

Evarist alipangusa kiti cha pikipiki ambacho kilikuwa kikavu. "Alisema aliyekula kahawa yake ndiye aliyemuuza. Kisha akaniuliza kama kweli wewe ni Mhaya."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema unatoka mjini."

Jumanne, 15 Aprili

Kikao cha nne. Renatha hakuja. Kumi na saba.

Judica amesema: "Anakwenda naye kila mahali sasa. Kisimani, shambani, kwenye mvua hii hii. Nilimwambia amwache kwangu, akasema nyumba yangu nayo inaingiza wageni."

Jumapili, 20 Aprili. Bilele

Pasaka. Nimekwenda kanisani, nimerudi, nimefua. Kuna jambo nimelipanga upya kichwani kwa mpangilio wa saa, kama habari. Saa tatu na dakika kumi nilisoma tamko la ridhaa. Saa nne hivi nililetewa kahawa. Yote aliyoniambia ya kweli yalikuja baada ya kahawa. Kwangu mimi tamko lilikuwa bado linafanya kazi. Kwake lilikuwa limekwisha, kwa sababu maneno ya kwenye kahawa ni ya ndani ya nyumba. Nilijua hivyo. Bibi yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana nilipokea.

Jumanne, 22 Aprili

Kikao cha tano. Renatha hakuja. Mvua siku sita mfululizo.

Alhamisi, 24 Aprili. Kimwani

Saa nne na dakika ishirini nilikuwa nahoji mzazi kitongoji cha pili, kile kinachosubiri. Evarist akaingia uani bila kuitwa.

"Panda."

Sikumuuliza mpaka tulipokuwa njiani. Mtoto ameanguka mferejini, akasema. Sikumuuliza kama yu hai.

Haya niliyapata kwa Judica baadaye. Renatha alikuwa bondeni akipalilia maharage. Alistidia alimketisha kwenye khanga, hatua nne kutoka kwake. Mfereji wa maji ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Renatha aligeuka apalilie safu moja, safu ya hatua ishirini. Hakukuwa na kelele, kifafa hakipigi kelele ukiwa umelala kifudifudi kwenye maji. Judica alikuwa shamba la pili. Anasema aliona rangi ya njano mahali ambapo hapakuwa na rangi ya njano. Ndilo gauni la mtoto.

Nilipofika Alistidia alikuwa amelazwa ubavu kwenye nyasi, anapumua kwa kukwama, povu mdomoni. Renatha alikuwa na matope hadi kifuani. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Aprili 8.

"Andika," akasema. "Hakufungwa."

Evarist aliwabeba wote wawili hadi kituo cha afya, mtoto katikati. Mimi nilitembea. Mwendo wa saa moja na dakika hamsini, mvua njia nzima. Nilikuwa nahesabu nguzo za umeme ili nisiwaze, na palipokosa nguzo nikahesabu migomba.

Nilipofika mtoto alikuwa kitandani, macho wazi. Muuguzi alikuwa akimuuliza Renatha.

"Anatumia dawa gani za kifafa?"

"Dawa ipi?"

"Bibi, ana ugonjwa huu tangu lini?"

"Tangu ana miaka mitatu."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Kliniki ya kifafa ipo hapa, Jumatano ya pili ya kila mwezi. Huu mwaka wa tatu."

"Nani aliniambia?" Renatha akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli, kama kuna mtu alimwambia akasahau.

Hakuna aliyemwambia. Mimi nilikaa nyumbani kwake saa mbili nikiwa na maswali hamsini na nane. Kuhusu huduma alisema "najua," nikabonyeza "ndiyo," nikasonga mbele. Kwenye swali lile sikunyamaza hata nusu dakika.

Mtoto ameanza dawa saa tisa alasiri. Nimempigia Immakulata nikamweleza yote, pamoja na mfereji. Hakuandika safari hii, sikusikia kalamu.

"Unajua sasa nina sababu mbili za kumchukua, siyo moja," akasema.

"Najua."

"Basi kwa nini umenipigia?"

"Kwa sababu ungelisikia kwa Evarist."

Ijumaa, 25 Aprili

Mtoto hajapata kifafa tangu jana. Muuguzi anataka abaki hadi kesho.

Jumanne, 29 Aprili. Kimwani

Immakulata amekuja kikaoni. Ni mdogo kuliko sauti yake, ana mabuti ya mvua yaliyokatwa juu kwa kisu. Kabla ya kuingia alinivuta pembeni ya ghala.

"Kituoni nina nafasi tatu," akasema. "Walezi wawili, watoto thelathini na mmoja. Anayejua kifafa hayupo. Ulipoweka alama kwenye kubwa ulijua hilo?"

"Hapana."

"Mimi mwenyewe ningeweka kubwa." Akapangusa mabuti kwenye nyasi. "Lakini karatasi yangu siwezi kuifuta. Akifungwa tena hata siku moja na mimi nikajua, lazima nichukue hatua. Nikikaa kimya na mtoto akafa, ni mimi."

Mwezi mzima nilimwona kama pikipiki inayokuja. Leo nimeona mtu ambaye naye anaisikia pikipiki hiyo.

Ndani aliwauliza wazazi nani anaweza kukaa na mtoto asubuhi. Kila mmoja ana kisima chake na shamba lake. Kisha Judica akasema yeye ataweza, kila siku, mpaka saa sita.

"Nyumba yangu inaingiza wageni, lakini mlango ninafunga mimi," akamwambia Renatha.

Renatha alikubali kwa kichwa. Alipotoka alipita kando yangu kama mtu anavyopita kando ya gunia.

Jumanne, 6 Mei

Kikao cha saba. Amehudhuria. Hajanisalimu.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya kliniki. Kifafa mara mbili tu tangu Aprili 24, kimoja kwa Judica, ambaye alimlaza ubavu kama alivyofundishwa na muuguzi. Watoto kumi na mmoja walikuwa kwenye foleni. Wanne wanatoka vitongoji ambavyo nimevihoji. Nimetazama majibu yao. Wote "najua."

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwandikia Mwesiga kuhusu swali lile la huduma. Amejibu kwa heshima kwamba dodoso haliwezi kubadilishwa katikati, ila wasaili waruhusiwe kumpa kila mhojiwa karatasi ya huduma, na kliniki iingizwe. Ameipigia mstari.

Jumanne, 27 Mei

Kikao cha kumi, cha mwisho. Kahawa imeanza kuchumwa na ghala linatakiwa, tumekaa nje kwenye majamvi. Mvua inapungua. Rweyemamu amesimama akasema amejifunza kutouliza chakula kiko wapi. Renatha akamwambia, "Umejifunza kukipika?" Rweyemamu akaketi.

Ijumaa, 30 Mei. Muleba

Evarist amesema Judica amefiwa na kaka yake huko Biharamulo. Aliondoka jana asubuhi, atarudi kesho.

Jana na leo ni siku mbili. Sikumuuliza Evarist nani amekaa na Alistidia. Nilikuwa na swali mdomoni nikalimeza. Nikiuliza na akajibu, nitakuwa najua.

Jumapili, 1 Juni. Bilele

Jumanne ni mahojiano ya pili ya Renatha. Nilimwomba Mwesiga amtume mwingine. Alisema mhojiwa yule yule na msaili yule yule, vinginevyo majibu hayalinganishwi. Kwa utafiti yuko sahihi.

Akisema sifuri, 26 itakuwa 0 na mradi utakuwa na takwimu nzuri kuliko zote za Kimwani. Nitaandika sifuri, na sitajua kama ni ya kweli au ni ya mtu aliyejifunza mimi ni nani. Akisema zaidi ya sifuri, nitajaza fomu, na karatasi ya Immakulata inasema hata siku moja. Nimefanya kazi na majibu maisha yangu yote, na hii ndiyo mara ya kwanza ninayaogopa yote mawili.

Jumanne, 3 Juni. Kimwani

Jua. Nilifika saa tatu kasoro kumi. Renatha alikuwa uani akianika kahawa, Alistidia akichambua punje mbovu kando yake. Aliitikia salamu bila kuinua kichwa. Akaniletea kigoda, akaketi mkekani. Nikasoma tamko la ridhaa. Safari hii aliacha kazi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Rudia pale," akasema. "Pa siri."

"Utakayosema ni siri, isipokuwa pale mtoto anapokuwa hatarini."

"Isipokuwa," akasema.

"Ndiyo, Ma Renatha. Hapo ndipo ilipotoka fomu. Nilipaswa kupasoma tena uliponiletea kahawa. Sikupasoma."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu kile kile. Akakiweka mapajani. Hakukifungua.

"Ukila, utaandika?"

"Nitaandika. Nikila au nisipokula."

"Basi uliza kwanza. Kahawa baadaye."

Nikauliza. Safari hii alijibu polepole, na majibu mengi hayakufanana na ya Machi. Unampiga? Nilimpiga mara moja, alipotupa dawa. Unajua huduma zilipo? Najua moja, nyingine niambie. Nikamsomea karatasi. Nilipofika la 31 nilisoma swali zima, naye akaniacha nilimalize.

"Siku mbili," akasema. "Alhamisi na Ijumaa. Judica alikwenda kuzika. Maji yalikuwa yamekwisha na kahawa ilikuwa inaanguka. Nilimfunga kwa saa mbili, na tena kwa saa mbili."

Alistidia alikuwa ameacha kuchambua. Alikuwa anatutazama kwa zamu.

"Ma Renatha, karatasi uliyoweka dole inasema hata siku moja."

"Najua inasemaje. Nilisomewa."

"Ungeweza kusema hakuna."

"Mara ya kwanza nilisema hakuna, likafutwa na mdomo wangu mwenyewe." Akageuza kahawa kwa kiganja. "Na tangu niseme kweli mtoto anapata dawa. Ila kweli hiyo hiyo nusura imuue. Sijui, waitu. Nimechoka kukisia ninyi mnataka jibu gani. Andika na sababu."

"Fomu haina nafasi ya sababu."

"Haina pembeni?"

Nilikuwa na nakala ya karatasi. Hatari: ndogo. Pembeni ina upana wa vidole viwili. Nikaandika kwa herufi ndogo huku yeye akitaja: msiba wa Judica, kisima dakika arobaini, kahawa inaanguka, kifafa hakuna tangu tarehe kumi na nane Mei. Nikamsomea nilichoandika.

"Ongeza," akasema. "Kwamba huyo afisa akiona siku mbili ni nyingi, aje akae yeye."

"Nimwandikie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Tena uandike vizuri, asije akasema hakuona."

Nikaandika. Akaweka dole gumba chini yake, nafasi ambayo fomu haikuitengea dole la mtu. Nikakunja karatasi. Ndipo alipofungua kikapu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nilichukua punje tatu kama mara ya kwanza. Kahawa ilikuwa chungu kidogo, ya msimu uliopita.

Nimepiga picha ya fomu na kuituma kwa Immakulata saa saba na dakika ishirini, mara nilipopata mtandao barabarani. Mwesiga nimempelekea nakala, pembeni ikiwemo.

Jumatano, 4 Juni. Muleba

Saa mbili na nusu asubuhi: hakuna jibu. Saa nne: hakuna jibu. Sijaenda kuhoji mtu.

Saa tano na dakika tano Immakulata amepiga. Hakusalimu.

"Judica amesharudi?"

"Amerudi, lakini kesho ana kikao cha matanga."

"Nimeona ulichoandika pembeni." Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. "Mwambie Evarist anisubiri kesho saa moja pale kwenye kalavati. Bibi aende kisimani, aende shamba. Kesho nakaa na mtoto mimi. Baada ya hapo nitajua nitaandika nini."

"Atakuletea kahawa," nikamwambia.

"Mwambie ailete jioni," akasema, "nikishaandika."